Mlango Mmoja wa Vyombo Vingi

Mkazi wa Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, anayepeleka flashi yake dukani ili achapishiwe barua, hana haja ya kuuliza kama kompyuta ya hapo itaipokea. Huichomeka, na mara barua inaonekana. Jambo hilo limezoeleka mno hata watu wachache tu hufikiri limetoka wapi. Lakini kwa askari, ambaye leo anakabidhiwa vyombo vya namna hiyo katika kazi zake, ni jambo linalostahili kufahamika vizuri, kwa faida yake na kwa hatari yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kibodi ilikuwa na tundu lake, printa ilikuwa na tundu lake pana lenye waya mnene, na chombo cha kuunganisha kompyuta na simu kilikuwa na tundu lingine. Vyombo vingine vilihitaji kompyuta ifunguliwe na kutiwa kadi maalumu ndani yake. Kadi hiyo ndiyo kidhibiti, yaani msimamizi anayepokea amri za kompyuta na kukiendesha chombo kilichounganishwa. Mara nyingi kidhibiti ndicho kilichopandisha bei, kwa kuwa kilijaa vipande vingi vya elektroniki, na kila kipande kilikuwa na gharama yake na uwezekano wake wa kuharibika.

Mfano mashuhuri wa kuupunguza mzigo huo ulitokea Marekani mwaka 1978. Kampuni ya Apple ilikuwa ikiuza kompyuta iliyohifadhi kazi zake katika kanda za kaseti, kwa mwendo wa kuchosha. Fundi wake, Steve Wozniak, alitengeneza kidhibiti cha diski chenye chipu 8 tu, wakati ambapo vidhibiti vingine vilitumia makumi ya chipu. Siri yake ilikuwa kuondoa kila kazi ambayo kompyuta yenyewe ingeweza kuifanya kwa programu. Ubongo ulikuwa tayari umekwisha nunuliwa. Hapakuwa na sababu ya kununua mwingine wa kuusaidia.

Fikra hiyo hiyo ndiyo iliyotumika katika mpango wa USB, ulioanzishwa mwaka 1994 na kampuni saba, zikiwamo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, na ambao toleo lake la kwanza lilitangazwa Januari 1996. Ulikuwa na waya nne tu: mbili za umeme wa volti 5 na mbili za kupitishia habari. Mzigo wa usimamizi uliwekwa upande wa kompyuta, ambayo huviuliza vyombo kwa zamu. Chombo chenyewe hungoja kuulizwa, kisha hujibu. Intel ilikwenda mbali zaidi, ikabuni kidhibiti cha upande wa kompyuta ambacho sehemu kubwa ya kazi yake iliachiwa programu, ili chipu yake iwe rahisi. Vyombo vya kazi nyepesi, kama kibodi na kipanya, viliruhusiwa kutumia mwendo mdogo ili visiwe vya gharama kubwa. Kwa njia hiyo kidhibiti kimoja kiliweza kusimamia hadi vyombo 127.

Manufaa yake ni dhahiri. Leo simu, redio ndogo na taa ya jua vinaweza kutiwa umeme kwa waya wa namna moja. Askari wa Burundi waliotumikia amani nchini Somalia kuanzia mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa uzito wa kubeba chaja tofauti kwa kila chombo. Umoja wa Ulaya nao umezilazimisha simu mpya zinazouzwa huko kutumia tundu la aina moja tangu tarehe 28 Desemba 2024. Hivyo basi, mwenye dhamana ya kununua vifaa vya kikosi au kituo anapaswa kukwepa chombo chenye tundu la peke yake. Bei yake ya leo yaweza kuwa nafuu, lakini waya wake ukikatika, kikosi kizima kitamtegemea muuzaji mmoja aliye ng'ambo, na fedha za kigeni zitatumika kwa jambo dogo.

Hata hivyo, wepesi huo una upande wake wa pili. Mwaka 2008 flashi moja iliyochomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati iliingiza virusi katika mitandao ya siri ya jeshi hilo. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilipiga marufuku flashi, na mwaka 2010 ikaziruhusu tena kwa masharti makali. Mwaka 2014 wataalamu kutoka Ujerumani walionyesha kwamba flashi inaweza kugeuzwa ijitambulishe kuwa kibodi, kisha iandike amri zenyewe. Chanzo cha udhaifu huo ni ule ule wepesi: kompyuta humwuliza mgeni yeye ni nani, na humwamini kwa neno lake. Hakuna polisi katika kizuizi cha barabarani anayefanya kazi kwa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, nidhamu ambayo kidhibiti hakikupewa ni lazima itoke kwa mtu. Flashi iliyookotwa isichomekwe kamwe. Flashi ya nyumbani isiingie katika kompyuta ya kazi, na ya kazi isiende nyumbani. Simu isitiwe umeme kwenye kompyuta inayotunza majina ya watuhumiwa au orodha ya silaha. Ipelekwe kwenye chaja ya ukutani. Kila chombo cha kituo kiandikwe katika daftari, pamoja na jina la aliyekabidhiwa. Hayo hayahitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje. Yanamhitaji askari anayetambua kuwa tundu dogo la kompyuta nalo ni lango, na kwamba lango halikosi zamu.