Kuketi Kabla ya Kusema

Hotuba ya kundi la watumishi wa wagonjwa katika sikukuu ya yubilei



Tumeombwa kuwaeleza juu ya mafundisho ya kwanza ya majuma 12, kwa wale wanaodhani kwamba Mungu anawaita kuwatumikia wagonjwa na wafungwa. Tulianza watu 14.

Somo la kwanza lilitupunguzia majivuno. Kadiri ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kifungu cha 564, padri ndiye anayekabidhiwa ulezi wa kudumu wa kundi kama lile la hospitali au la gereza. Kitubio na Mpako wa Wagonjwa ni vyake. Sisi walei twaweza kutembelea, kusikiliza, kusali pamoja na, tukiruhusiwa, kupeleka Komunyo, kama Papa Paulo wa Sita alivyofungua njia mwaka 1973. Wengine wetu waliuliza: basi tumeitiwa nini? Jibu hatukulipata darasani.

Siku ya posho tuliingia katika nyumba ya wazazi. Tukamkuta mama mmoja aliyekwisha kujifungua na kupona, lakini alizuiliwa kwa sababu ya deni. Tukafungua kitabu cha sala, tukasali kwa sauti kubwa, tukamwambia avumilie. Yeye akageuza uso ukutani.

Tuliporudi, mwalimu alituagiza kuandika neno kwa neno yote yaliyosemwa. Namna hii ya kujifunza kwa mgonjwa mwenyewe ilipata nguvu kule Marekani kwa kazi ya mchungaji Anton Boisen, aliyewapokea wanafunzi katika hospitali ya Worcester mwaka 1925. Naye alikuwa amepata kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Karatasi yetu ilijaa maneno yetu. La mama lilikuwa moja tu: "Ndiyo." Tuliona haya.

Juma lililofuata tulirudi, tukaketi. Tukamwuliza jina la mtoto. Akajibu kwamba hana jina bado, kwa maana baba yake yuko mbali machimboni, wala hajui kama mtoto amezaliwa. Hakuomba franka, aliomba habari imfikie mume wake. Mmoja wetu akakubali kuipeleka. Ndipo mama mwenyewe akasema: "Sasa tusali." Deni lilibaki palepale, na jamaa wakaendelea kulihangaikia, lakini mama hakuwa peke yake tena.

Ndugu, mwito haupimwi kwa joto la moyo peke yake. Leo tumebaki 9. Katekista mmoja, msemaji hodari, aliona kwamba kunyamaza kunamlemea. Akarudi kwa wanafunzi wake kwa furaha. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto wake karibuni alilia kwenye kila kitanda. Tukamwambia: Mama, maliza kwanza matanga yako, sisi tutakuja kuketi kwako. Hao hawakushindwa. Mtakatifu Kamilo wa Lellis alitaka kuwa Mkapuchini, lakini kidonda cha mguu kilimzuia. Kidonda hichohicho kilimpeleka hospitalini Roma, na huko akaupata mwito wake.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Ninyi mashirika, mtakapochagua watu wa kuanza mafundisho, msiwatazame wenye sauti kubwa. Mtafuteni yule ambaye watu humwendea usiku wakiwa na shida. Nanyi mapadri wetu, msitupe jina la watumishi kabla ya kutujaribu, na mkiona kwamba kazi hii si yetu, mtuambie kwa upole, lakini mtuambie. Mgonjwa asiteswe na ugonjwa wake, tena na majivuno yetu.

Mungu awabariki.