Chupa ya Mkojo na Haki ya Mtuhumiwa

Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu, inapakana na Bukavu, na wananchi wa pande zote mbili huvuka mpaka kila siku kutafuta riziki. Katika mizigo yao halali wapo wanaoficha bangi. Hilo askari wa Rwanda wanalijua vyema. Lisilojulikana vyema ni maana ya jibu linalotoka katika maabara ya hospitali baada ya mkojo wa mtuhumiwa kupimwa.

Kipimo cha kwanza ni kijikaratasi kinachojibu katika dakika chache. Kwa bangi, kiwango kilichozoeleka ni nanogramu 50 kwa mililita. Chini ya hapo jibu huwa hapana, hata kama mtu alivuta. Aidha, efavirenz, dawa waliyoitumia kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa UKIMWI wa Afrika Mashariki, imewahi kuleta jibu la uongo la bangi katika baadhi ya vipimo. Dawa ya kikohozi yenye kodeini nayo humwonyesha mgonjwa kama mtumiaji wa afyuni. Na mvutaji sugu aliyeacha bangi huweza kuonekana anayo hata wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo mkojo hauthibitishi kwamba dereva alikuwa amelewa aliposhika usukani.

Majeshi makubwa yamekwisha kulipia kosa la kuharakisha. Marekani ilianza kuwapima askari wake waliokuwa Vietnam mwaka 1971. Ilipofika mwaka 1984, Jeshi lake lilikiri kwamba maelfu ya majibu ya mkojo, ambayo baadhi yake yalitumika kuwaadhibu askari, hayakuwa na uthibitisho wa kutosha. Walioadhibiwa walikuwa askari, si wahalifu wa mitaani.

Ndiyo maana jibu la kijikaratasi ni tuhuma tu, na uthibitisho hutafutwa kwa mashine inayozitenganisha kemikali na kuzitambua moja moja. Kutoka Rusizi hadi maabara ya uchunguzi wa jinai iliyoko Kigali ni safari ya zaidi ya kilomita 200, kupitia msitu wa Nyungwe. Joto la mkojo hupimwa katika dakika 4 za mwanzo, nalo yapasa liwe kati ya nyuzi 32 na 38, kisha chupa hutiwa lakiri mbele ya mtuhumiwa. Kila anayeipokea huandika jina, tarehe na saa, hadi inapofika juu ya meza ya mtaalamu.