Siku ya Mvua Kigoma: Mlo na Matembezi



Mgeni afikaye Kigoma kati ya Novemba na Aprili huenda akakutwa na mvua ya kutwa nzima, akadhani siku yake imepotea. Haikupotea. Na aanzie stesheni, mwisho wa reli iliyojengwa na Wajerumani, iliyofika ziwani mwaka 1914. Ujiji ataonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa siku zile haupo tena, ingawa wapo wageni wanaopiga picha wakiamini ndio wenyewe.

Adhuhuri ale ugali wa muhogo kwa mgebuka, na dagaa waliokaangwa kwa mawese. Hapo ndipo mvua inapogusa sahani yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, nao huhitaji jua la siku ileile. Wakianikwa mchangani, mvua moja yatosha kuwaozesha; na wale wanaosalimika hubeba mchanga mpaka menoni mwa mlaji. Wakianikwa juu ya vichanja vya wavu, upepo huwapitia juu na chini, na wingu likitanda hufunikwa turubai mara moja.

Kwa hiyo mgeni huyo asikose kushuka ufukweni Bangwe kabla ya jioni. Na aulize bei mbili: ya dagaa wa mchangani, na ya dagaa wa kichanjani.