Jina la Hospitali au Mahali Ilipo: Utazame Nini Ukitafuta Nafasi ya Ubingwa?

Leo nazungumza na madaktari vijana wa Lubao, na Kakamega kwa jumla, mnaotafuta nafasi ya kusomea ubingwa huku Marekani au huko nyumbani. Mnaniuliza sana: niende hospitali yenye jina, au niende mahali panaponifaa?

Jibu langu ni hili: anza na mahali. Nikisema mahali, nasema wagonjwa utakaowatibu, kazi utakayoachiwa uifanye, na milango itakayokufungukia ukimaliza.

Tuanze na wagonjwa. Soko letu la Lubao linajulikana kwa biashara ya mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa pale, akaletwa hospitali kwa boda boda, daktari anatakiwa kujua la kufanya bila kupapasa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, chanjo ianze siku hiyo hiyo, na jeraha likiwa baya atiwe pia kingamwili za kuzuia kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea, ni wachache mno wanaopona. Huku Marekani watu wanaokufa kwa ugonjwa huo kwa kawaida hawafiki 10 kwa mwaka. Unaweza kumaliza miaka 3 ya ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali maarufu ya Boston bila kumwona hata mgonjwa mmoja wa aina hiyo. Kama nia yako ni kurudi kutibu Kakamega, hilo lipime.

Pili, kazi. Hospitali kubwa mara nyingi ina wanafunzi wa ubingwa wengi na mabingwa wabobezi juu yao, kwa hiyo unaweza kukaa muda mrefu ukishika vifaa tu huku wengine wakipasua. Nyumbani tazama chuo cha madaktari wa upasuaji cha COSECSA, kilichoanzishwa 1999. Anayefunzwa chini yake Tenwek, kule Bomet, hufanya mtihani uleule wa mwenzake wa jiji kuu. Au tazama Eldoret: Hospitali ya Rufaa ya Moi haiko Nairobi, lakini kwa miaka mingi imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana, na wagonjwa wetu wa magharibi hupelekwa huko. Sifa ya mafunzo haifuati ukubwa wa mji.

Tatu, milango. Wengi huku huingia kwa viza ya J-1. Ukimaliza, sheria inakutaka urudi nyumbani miaka 2, au upate msamaha. Njia moja ya msamaha ni kutumikia miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari, na kila jimbo lina nafasi 30 tu kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya madaktari hubaki kufanya kazi katika jimbo walikosomea. Kwa hiyo ukichagua mji, huenda umechagua pia majirani zako wa miaka 20 ijayo.

Je, jina halina kazi? Linayo. Ukitaka ubobezi wenye ushindani mkali, kama moyo, au ukitaka maisha ya utafiti, jina na barua za maprofesa zitakusukuma mbele. Ila uliza jina la idara, usiishie kwenye jina la chuo. Uliza wangapi hufaulu mtihani wa bodi mara ya kwanza na waliomaliza wako wapi leo. Wanafunzi wa mwaka wa pili waulize faraghani: usiku wa zamu, bingwa akipigiwa simu anakuja?

Halafu piga hesabu ya kodi ya nyumba. Mshahara wa mwanafunzi wa ubingwa haupishani sana kati ya New York na mji mdogo wa Ohio. Kodi inapishana mno, na nyumbani kuna karo inayokusubiri.

Mwisho, mkipanga orodha ya Match, yaani mfumo wa Marekani wa kugawa nafasi za ubingwa, pangeni kwa mnavyopenda kweli. Mfumo huanza na chaguo lako la kwanza, na kuliweka juu hakukupunguzii nafasi kwingine. Lakini matokeo yakitoka mwezi Machi yanakufunga, kwa hiyo usiandike hospitali ambayo hutaki kwenda.

Wadogo zangu, mgonjwa haulizi cheti chako kimetoka wapi. Someeni pale mtakapotoka mkiweza kumtibu.