Mwendo wa Watoto

Leo nasema na akina baba, na hasa baba kijana aliyeanzisha kampuni yake mwaka huu au mwaka jana, na nyumbani ana mtoto mdogo. Akina mama, msizime redio, maana jambo hili lawahusu. Somo letu latoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 30 hadi ya 33.

Tumfikirie baba wa namna hiyo hapa Kiptere, kwenye barabara itokayo Kapsoit kwenda Sondu. Zamani kijana wa huku alitazamia kazi katika mashamba makubwa ya chai, ama alingoja sehemu yake katika shamba la baba na bonasi ya mwisho wa mwaka wa majani. Siku hizi mashine yachuma chai mahali pa mikono mingi. Mwakumbuka Mei 2023, jinsi hasira ya jambo hilo ilivyopanda huku Kericho hata mashine zikachomwa moto. Na shamba la baba, likigawanywa kwa ndugu wanne au watano, halilishi nyumba. Basi kijana na wenzake wawili wanasajili kampuni ya maziwa. Wananunua kwa wakulima alfajiri, wanapooza, wanapeleka mjini. Si kosa hata kidogo. Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake, na huyu ataka kuwatunza.

Lakini ng'ombe hajui Jumapili. Saa kumi za alfajiri baba yuko njiani na mitungi, usiku yuko na simu, huyu adai malipo, yule asema maziwa ya leo yameganda. Mtoto anapoamka, baba ametoka. Anaporudi, mtoto amelala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa baba aliyeajiriwa majuma mawili ya likizo, pamoja na mshahara, mkewe anapojifungua. Huyu wetu hakuajiriwa na mtu. Mwajiri wake ni yeye mwenyewe, naye ni mwajiri mkali kuliko wale wa mashamba makubwa.

Sasa mtazameni Yakobo. Alimtumikia mjomba wake Labani miaka 14 kwa ajili ya wake zake. Halafu Yusufu akazaliwa, na mara tu baada ya kuzaliwa kwake Yakobo akamwuliza Labani: nyumba yangu mimi nitaishughulikia lini? Ndipo walipopatana juu ya kondoo wenye madoadoa, na Yakobo akaanza kujenga kundi lake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua miaka 6. Tena haikuwa kazi nyepesi. Yeye mwenyewe asimulia jinsi jua lilivyomchoma mchana, baridi ikampata usiku, na usingizi ukamkimbia.

Hesabuni sasa. Kundi lilianza wakati Yusufu alipozaliwa. Walipoondoka Harani, kundi lilikuwa na miaka 6, na mtoto naye alikuwa na umri wa kama miaka 6. Mali na mtoto walikua pamoja, chini ya mtu mmoja. Huyo ndiye baba wetu wa Kiptere.

Njiani wakakutana na Esau, mwenye watu 400. Tuliogopa pamoja na Yakobo, lakini Esau akamkumbatia, akasema twende pamoja, mimi nitatangulia. Angalieni kwamba hapa Esau si adui. Ni ndugu mwenye ukarimu, mwenye nguvu na watu wa kutosha. Kwa baba wetu, Esau ni yule mteja wa mjini asemaye: niletee mara mbili ya maziwa haya, kila siku, na mengine jioni. Ni neno jema, tena ni fedha.

Yakobo akakataa kwa adabu. Akamwambia nduguye kwamba watoto ni wachanga, na katika kundi wamo wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja, watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa mifugo na kwa mwendo wa watoto. Sisi watu wa ng'ombe hatuhitaji mhubiri kutufafanulia jambo hilo. Nani kati yetu humswaga mbio ng'ombe mwenye ndama wa juzi?

Wengi hudhani baba lazima achague, ama kampuni ama watoto. Yakobo aliwataja pamoja. Aliona kwamba haraka ingewaua watoto na kundi pia. Kampuni ya maziwa inayonunua kuliko tangi lake linavyoweza kupooza, yamwaga maziwa. Ikimwaga, yachelewesha malipo ya wakulima. Wakulima nao wampa mchuuzi maziwa kesho yake. Na wakati huo mtoto amejifunza kutomngoja baba.

Lakini mvivu asijifiche nyuma ya andiko hili. Yakobo huyo huyo, alipomtoroka Labani, alikwenda kwa kasi hata Labani akamfuata siku saba kabla ya kumpata. Alijua kukimbia ilipobidi. Na kabla hajaondoka aliwaita Raheli na Lea kule malishoni, akawaeleza habari yote: ujira uliobadilishwa mara kumi, na kundi lilivyopatikana. Baba, je, mama watoto ajua kampuni inadaiwa kiasi gani? Au ajua tu kwamba unakuja nyumbani umenuna?

Wala Yakobo hakuwa baba bora siku zote. Someni sura ya 34, habari za binti yake Dina, na ya 37, habari za ile kanzu; mtaona nyumba iliyoumia. Jambo la njiani alilijua vema.

Ukitaka kwenda kwa mwendo huo, itakugharimu. Utamwambia mteja wa mjini kwamba maziwa ya jioni hutaleta mwaka huu, naye huenda akaenda kwa mwingine. Sitawaficha. Utawaambia wenzako wawili kwamba saa fulani simu yako itakuwa kabatini, na mmoja wao atanung'unika. Siku ya Jumamosi mpandishe mtoto garini, aende nawe kuzunguka kwa wakulima; Musa aliagiza watoto wafundishwe hata njiani, na njia ya maziwa ni njia.

Siku ile Esau alirudi Seiri kwa njia yake. Yakobo akafika Sukothi, akajenga nyumba, akawafanyia mifugo vibanda, na mahali pale pakaitwa kwa jina la vile vibanda.

Leo jioni kaeni wawili, wewe na mama watoto, na daftari la kampuni mezani. Mtoto akija kupanda magotini, msimfukuze. Bwana awe pamoja nanyi. Kwaherini.