Sombe kabla ya mihogo

(Maneno yaliyosemwa na mhudumu wa shirika kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Sange, 2018. Tumeyaandika sawa vile yalivyosemwa, tukifupisha fasi chache.)



Kamati iliniomba niseme juu ya kungojea. Nikajiuliza: nani hapa anahitaji kufundishwa kungojea? Kungojea kungekuwa shule, Sange nzima ingekuwa na diploma. Wengi wenu mlikimbia 1996, wengine 1998. Mlingoja Lugufu, mlingoja Nyarugusu, wengine mlingoja Burundi. Meli zilipoanza kuvusha watu kutoka Kigoma mwezi wa kumi 2005, kuna waliopanda mara moja, kuna waliosema acha kwanza tuone kama hao watakaa salama. Lugufu ikafungwa 2009. Nyarugusu bado iko, na ndugu zetu wako mule, mwaka wa 22 sasa. Na tangu 2015 tunaona Warundi kule Lusenda, upande wa Fizi, wanangoja kwetu sawa vile sisi tulivyongoja kwa wengine.

Kwa hiyo sitafundisha kungoja. Nitasema juu ya siku zenyewe, zile zinazopita wakati mtu anangoja. Siku hizo ni za nani? Tunazihesabu ao tunazitupa?

Ninauliza kwa sababu kuna jambo mezani leo. Kwa wafadhili wasiojua vizuri, nieleze kidogo. Vikundi vyetu vya MUSO vinafanya kazi na visanduku vitatu. Cha kijani ni cha mikopo: mwanachama anakopa, analima ao anauza ndagala, anarudisha na faida kidogo. Cha buluu ni cha feza inayotoka nje. Chekundu ni cha kusaidiana, na feza yake hairudishwi. Mtoto akilazwa, mzee akifariki, nyumba ikiungua, chekundu kinafunguliwa. Kila mkutano kila mtu anatia kidogo.

Sasa, mama mmoja wa kikundi kimoja, sitamtaja jina, aliuliza swali ambalo liliwatia watu kimya. Alisema: «Tangu nimeanza kutia franga zangu katika kile chekundu, nimekiona kikifunguliwa kwa kilio tu. Mtoto wangu amepata diploma ya serikali, wa kwanza katika jamaa yetu. Hapo chekundu hakinijui?»

Wengine walicheka. Lakini kikundi kikakaa na lile swali, na siku chache nyuma wakaleta pendekezo: sehemu ndogo ya kisanduku chekundu iwekwe kwa furaha. Mtoto akizaliwa, mtu akifunga ndoa, mwanafunzi akipata diploma, manjanja yakipandishwa juu ya nyumba iliyokuwa na bashi. Siyo karamu kubwa. Mchele, maharagwe, ngoma, wanachama wote waje.

Pendekezo hilo limeleta maneno. Baba mmoja mwenye heshima alisema feza ya maskini haichezewi. Mfadhili mmoja naye aliandika, kwa adabu kabisa, akiuliza kama kucheza ngoma ni shughuli ya maendeleo. Ni maswali mazuri, wala siyo maswali ya watu wabaya. Lakini mimi niko upande wa yule mama, na ninataka kusema sababu.

Kuna woga hapa Sange ambao wageni hawaujui. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, usiku, Afrika nzima ilikuwa nyuma ya Ghana. Watu wetu walijaa ndani ya vyumba vya sinema kando ya barabara kuangalia Ghana na Uruguay. Lori la mafuta likapinduka pale pale barabarani. Mafuta yakatiririka, wengine wakaenda kuyachota na bidoni na masufuria, na moto ukatoka. Wafu walipita 230. Mnajua makaburi yako wapi, sihitaji kuonyesha.

Nyuma ya hapo nimesikia, si mara moja, watu wakisema: furaha ndiyo ilituponza. Wangebaki nyumbani wangekuwa hai. Ninayaelewa maneno hayo, ni maneno ya kidonda. Lakini tuangalie vizuri. Kilichoua ni lori lenye mafuta kupita katikati ya nyumba za miti na udongo, na ni umaskini uliofanya bidoni moja ya mafuta iwe kitu cha kukimbilia. Wale vijana waliokuwa wanashangilia Ghana hawakukosa kitu. Tukiwalaumu kwa kushangilia, tunawazika mara ya pili.

Na kule makambini tulifanya nini? Wale waliokuwa Lugufu wanakumbuka kwaya. Wanakumbuka mashindano ya mpira, blok na blok, na walimu waliofundisha programu ya Kongo katika nchi ya Tanzania, kwa Kifaransa, juu ya ubao uliochakaa. Mtu mwenye akili za hesabu angesema: munafundisha jiografia ya Kongo kwa mtoto ambaye hajaiona, kusudi gani? Lakini ndio watoto hao waliorudi na kuingia darasani hapa bila kuanza upya. Yule mwalimu hakungoja meli ifike ndipo aanze kuishi.

Sisi wa mashirika tuna neno letu la Kifaransa kwa mambo haya, «reziliansi», tunaliandika katika kila ripoti. Mzee mmoja aliniuliza maana yake. Nilipomaliza kumweleza akasema, «Aa, unasema mihogo.» Nimeliacha lile neno tangu siku hiyo, isipokuwa bosi akiliomba.

Na kweli ni mihogo. Mihogo inachukua mwaka, na zaidi. Hakuna mama wa hapa anayepanda mihogo na kukaa mwaka mzima anaangalia udongo. Miezi michache tu, anaanza kuchuma sombe. Anatwanga, anapika na ndagala, watoto wanakula, na mizizi inaendelea kunenepa chini polepole. Lakini kila mlimaji anajua pia kwamba ukichuma majani yote, mara kwa mara, mizizi inabaki midogo kama vidole. Unachuma hapa na pale, unaacha mche upumue.

Hapo ndipo ninamjibu yule baba mwenye heshima. Ana haki juu ya jambo moja: kuna furaha inayokula mbegu. Tumeona mtu anakopa kwenye kisanduku cha kijani kwa kununua mbolea, kisha mkopo unaishia kwenye pombe na suti ya ndoa ya shemeji. Hiyo hapana. Kwa hiyo pendekezo linasema wazi: cha kijani hakiguswi, cha buluu hakiguswi, na sehemu ya furaha haiwezi kupita ile ya wagonjwa na vilio. Mwezi ambao ugonjwa umekuwa mwingi, furaha inangoja.

Na kwa mfadhili aliyeuliza kwa adabu: feza yako haimo. Iko kwenye cha buluu, na daftari liko wazi. Feza ya ngoma ni ya wanachama wenyewe. Lakini niongeze jambo ambalo ninaliona katika kazi yangu ya kuzunguka. Kipindi kigumu kwa MUSO ni kile cha katikati, mpunga uko shambani, nyumbani hamna kitu. Ndipo watu wanaanza kukosa mikutano kwa haya, hawana cha kutia. Kikundi ambacho watu wake wanaitana kwa kilio tu, wanakimbiana mapema. Kile ambacho watu wanajuana pia kwa kucheka, mtu anakuja hata mikono mitupu, anasema «leo sina», na wiki nyingine anarudi nayo.

Angalieni hata mpunga wenyewe. Ukianza kutoa masuke, ndege wanashuka. Wiki nzima nzima watoto na wazee wanashinda shambani toka asubuhi, wanapiga mabati, wanatupa udongo, wanapiga kelele. Ni kazi ngumu ya kungoja. Na umewahi kupita pale ukasikia kimya? Wanaimba, wanatukana ndege kwa majina ya majirani, wanacheka. Ndege wanaruka vilevile.

Kuna jambo lingine, la kuuma kidogo. Watu wengi wamekuja hapa na gari na karatasi wakisema «fase ya pili inakuja». Mimi sitasema hivyo. Ombi la kutengeneza mfereji liko kwa wafadhili, jibu halijatoka. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na hata likiwa ndiyo, halitafika kabla ya msimu huu wa kupanda. Ninawaambia leo kusudi mtu asiache kuzibua mfereji wa zamani akingoja mpya. Salongo ya mfereji ni Jumamosi, kila mtu na jembe lake. Wamama wa kikundi cha pale chini wamesema watapika. Mimi nitaleta chumvi na mafuta.

Tumaini la ahadi ya mtu mwingine linachosha moyo, kwa sababu hauna mkono juu yake. La mche uliopanda mwenyewe ni tofauti: kila asubuhi unaenda kuliangalia, unalipalilia.

Basi, karatasi za pendekezo ziko kwa mama mweka hazina, kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru. Wasiosoma watasomewa na vijana waliokaa mstari wa nyuma. Kura itapigwa kikundi kwa kikundi, siyo leo, ni mkutano ujao, kusudi mtu aende akazungumze na wa nyumbani mwake. Yule baba mwenye heshima ameomba asemee upande wake kabla hatujafunga, na ninampisha. Baba, karibu mbele.