Wino wa Kunasa Jua



Zipo sola zisizo za silikoni: polima na molekuli za kaboni huyeyushwa zikawa wino, zikachapwa juu ya plastiki kama gazeti. Mwaka 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak alitangaza seli iliyogeuza asilimia 1 hivi ya nuru kuwa umeme. Leo maabara zimefika karibu asilimia 20.

Mimi ni mtu wa serikali, huuliza bei kwanza. Molekuli za rekodi hizo huundwa kwa hatua nyingi, ndiyo maana ni ghali. Tena huyeyushwa kwa klorofomu, na mvuke wake humdhuru mchapaji. Polima ya zamani, P3HT, haina hatua nyingi. Ilipopewa mwenzi mpya mwaka 2016 ilifikia asilimia 6.4. Ni kidogo, lakini mimi naitazama zaidi hiyo.

Wengine sasa hutumia zailini, isiyo na klorini (ingawa nayo si uji!). Wengine husambaza chembe ndogo ndani ya maji matupu, na hao ndio ninaowaonea wivu. Kinachosumbua bado ni uhai: silikoni hudumu miaka zaidi ya 20, hizi huchakaa mapema.

Vijana wa kemia wenye maswali, nitakuwapo mpaka saa ya chai.